Mgeni wa Masika Tumwambie Nini?



Mkulima mmoja wa korosho wa Mtua, upande wa Nachingwea, ameliletea gazeti letu swali ambalo sisi wenyewe hatujapata kulijibu kwa pamoja. Anasema ana nia ya kuja Unguja yeye na mkewe mwezi wa Aprili, kabla hajaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho yake, wautembelee mji, waione bahari, na wayaone mashamba ya karafuu ambayo wameyasikia tangu utotoni. Kila aliyemwuliza shauri amempa jibu lake. Mmoja kamwambia Aprili ni mvua tupu, asitupe nauli yake. Wa pili kamwambia mvua ya Unguja ni ya nusu saa tu, kisha jua huwaka kama kawaida, kwa hivyo aje wala asiwe na khofu. Naye anauliza: katika hawa wawili mkweli ni nani?

Maoni yangu ni kuwa hapana mkweli hata mmoja. La pili, ni kuwa jawabu la swali hili si la wenye mahoteli peke yao. Ni letu sisi wenye mashamba, kwani masika ni msimu wetu kabla hayajawa msimu wa mtu mwengine yeyote.

Natuanze na mvua yenyewe. Visiwa vyetu huishi kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma tangu Disemba mpaka karibu na Machi, kisha hulegea na kusi ikaanza kushika nguvu. Katika kugeuka huko ndiko masika huingia, tangu Machi mpaka Mei, na vuli, ambayo ni ndogo, huja baina ya Oktoba na Disemba. Kwa mwaka mzima Unguja hupata mvua ya kiasi cha inchi 60 na ushei, na Pemba hupata zaidi ya hiyo. Mwezi unaoongoza ni huo huo wa Aprili. Aprili moja iliyo nzuri yaweza kuteremsha inchi 15, hali mji wa London, unaosifika ulimwenguni kwa mvua, hupata kiasi cha inchi 23 au 24 kwa mwaka mzima. Basi anayesema mvua ya masika ni ya nusu saa, ama hajapata kukaa Unguja mwezi wa Aprili, ama ana kitu anachotaka kukuuzia.

Lakini na yule asemaye kuwa ni mvua tupu naye kapindukia. Sote twajua masika yalivyo. Mvua yaweza kunyesha usiku kucha, asubuhi ikapambazuka kweupe, majani yakawa yanang'aa na njia zikawa zinatoa mvuke. Yaweza kushika siku tatu mfululizo, mtu asiweze hata kwenda kisimani. Na zaweza kupita siku nne au tano za jua zuri, watu wakaanza kuulizana kama masika yamekwisha. Hapana awezaye kumwahidi mgeni siku ya mvua wala siku ya jua.

Na ndugu yetu wa Mtua afahamu jambo moja zaidi, kuwa kalenda yake si kalenda yetu. Huko Nachingwea na Ruangwa mvua ni ya msimu mmoja, huanza kiasi cha Novemba au Disemba na huelekea kumalizika Aprili. Kwa hivyo wakati yeye anaiaga mvua yake, sisi ndio kwanza tumo ndani ya yetu. Akija kwa hesabu ya kwao atashangaa. Na watu wa Nachingwea hawahitaji kufundishwa khasara ya kuihesabu mvua ukiwa mbali. Mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, uliofanywa Kongwa, Urambo na huko huko Nachingwea tangu 1947, ulivunjwa mwaka wa 1951, na moja katika sababu zake ni kuwa mvua, khasa ya Kongwa, haikuja kama waliyoiandika kwenye karatasi zao.

Sasa tutazame yanayotokea hapa kwetu kila masika. Katika mwaka wa 2024 wageni waliokuja Zanzibar walizidi 700,000. Ni idadi kubwa kwa visiwa vidogo kama vyetu. Lakini wengi wao huja wakati wa kipupwe, tangu Juni mpaka Oktoba, na wakati wa kiangazi, Disemba mpaka Februari. Ikifika Aprili, mahoteli mengi ya pwani hufunga milango. Wenyewe hutengeneza mapaa na kupaka rangi, na wafanya kazi wengi hurudi majumbani kwao kungoja Juni. Mvuvi aliyekuwa akipeleka pweza hotelini hana pa kumpeleka. Mwanachama wetu aliyekuwa akipeleka ndizi, muhogo, mchaichai na pilipili manga hukaa na mali yake. Vijana wetu wanaotembeza wageni mashambani hukaa barazani wakitazama mvua. Miezi miwili ya namna hiyo kila mwaka si kitu kidogo kwa mtu mwenye watoto wa skuli.

Wale wachache wanaobaki wazi hupunguza bei, na hilo ni jambo la haki. Lisilo la haki ni kumwonyesha mgeni picha iliyopigwa Januari, kisha akauziwa Mei. Mwaka mmoja mwezi wa Mei walifika shambani kwangu mume na mke kutoka Ulaya, wamerowa na wamekasirika. Hoteli waliyofikia, ambayo sitaitaja, iliwaandikia kuwa mwezi huo huwa na manyunyu kidogo. Niliwakalisha bandani tukanywa chai ya mchaichai kwa muda wa saa mbili, mvua ikipiga makuti. Mvua yenyewe wala hawakuilalamikia. Mume aliniambia: "Lau tungaliambiwa kweli tungalikuja vile vile, ila tungalivaa viatu vyengine." Nadhani katika maneno hayo imo biashara nzima ya masika. Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi, na kwa biashara ya wageni ni fupi zaidi, kwani mgeni mmoja aliyedanganywa huwafikishia khabari hizo jamaa zake wote kabla hajafika uwanja wa ndege.

Watu watauliza: huyo mgeni wa masika aje aone nini, na bahari ina mawimbi na mchanga umerowa? Nami nauliza: nani kasema Unguja ni mchanga tu? Pwani aliyoipiga picha mgeni ina nyuma yake mashamba, na mashamba haya hayapati kupendeza kama yanavyopendeza masika. Huo ndio wakati ambao msitu wa Jozani hujaa maji chini ya miti, na kima punju hurukaruka juu yake. Ndio wakati ambao Kidichi, penye hamamu aliyoijenga Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, huwa kijani kitupu. Na Kizimbani, penye kituo cha Serikali cha utafiti wa kilimo, huwa ndio wakati wa kazi, si wakati wa maonyesho.

Hapo ndipo ninapopataka khasa. Mgeni anayekuja Julai au Agosti huwakuta wachumaji juu ya miti na karafuu juu ya majamvi, akafikiri kuwa ameijua karafuu. Kumbe ameiona khatima yake tu. Mkarafuu hutiwa ardhini wakati wa masika, ili mizizi ishike kabla jua halijakuwa kali. Mche huwekewa kivuli na hupaliliwa, kisha mtu hungoja miaka sita, saba au minane ndipo apate kuchuma. Mgeni wa masika akionyeshwa hayo ataelewa kwa nini mzee wa Pemba huutazama mkarafuu wake kama anavyomtazama mtoto wake.

Tena ataelewa vipi mvua hiyo hiyo ni rafiki na ni adui. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunuka. Huchumwa, huchambuliwa ikatengwa na makonyo yake, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka ikawa ngumu na nyeusi. Ikipata mvua katika siku hizo, au ikirundikwa ingali mbichi ikaumuka, hugeuka kuwa mpeta, ikapoteza rangi, ikapoteza mafuta, na ikapoteza bei. Mvua tuliyoiomba Aprili kwa ajili ya miche ndiyo tunayoikimbia na majamvi yetu wakati wa uvunaji. Mambo haya hayamo katika vitabu vya wasafiri, nasi twayajua kwa mikono yetu.

Baadhi ya vijana wanaotembeza wageni hufanya jambo lisilopendeza. Masika yakifika, na mtini hakuna karafuu za kuonyesha, humsimamisha mgeni chini ya mkarafuu, kisha wakatoa mfukoni karafuu kavu za dukani kama kwamba zimetoka juu ya mti ule siku ile. Kwa nini? Mwambie mgeni kuwa msimu haujafika, mwonyeshe jani, limenye, linuse, mwonyeshe na mche wa mwaka jana. Kweli ina harufu nzuri kama karafuu.

Lakini nikisema tuseme kweli, kweli yote isemwe, na khatari zake. Masika si mchezo. Tarehe 15 Aprili, 1872, katikati ya masika, kimbunga kiliipiga Unguja. Kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hiki na kilivunja vyombo vya Seyyid Barghash bandarini. Pemba iliepukana na sehemu kubwa ya dhoruba ile, na tangu hapo ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Ndugu yetu wa Mtua naye ana kumbukumbu yake karibu na kwao, kwani Lindi ilipigwa na kimbunga mwezi huo huo wa Aprili mwaka wa 1952. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka ukingoni mwa pwani yetu. Mambo haya hayatokei kila mwaka, lakini hutokea, na anayemkaribisha mgeni ana wajibu wa kusikiliza khabari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku.

Ama kuhusu safari ya bahari, watu huiogopa mvua wakausahau upepo. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Meli ya Skagit ilizama tarehe 18 Julai, 2012, karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam, siku ya upepo mkali. Misiba yote miwili haikutokea masika, ilitokea katika miezi inayosifiwa kuwa ni mizuri. Fundisho lake ni kuwa khatari ya bahari haikai katika mvua peke yake. Imo katika upepo, imo katika ubovu wa chombo, na imo katika tamaa ya nauli. Msafiri wa mwezi wowote asipande chombo kilichojaa kupita kiasi, na nahodha akisema leo hatutoki, asigombane naye.

Basi jawabu langu kwa mkulima wa Mtua ni hili. Njoo Aprili, kama unakuja kuwaona watu na mashamba. Usije Aprili kama safari yako yote ni kulala mchangani na kuogelea, kwani kwa hilo ngoja Julai. Ukija, chukua viatu vya tope na nguo za kubadilisha, na lala ndani ya chandarua, maana mbu hupenda masika kuliko sisi. Usifunge safari kwa siku zilizohesabiwa moja moja. Acha siku moja ya akiba ukija na moja ukirudi, meli ikichelewa usifadhaike. Uliza mapema kama nyumba unayotaka kufikia itakuwa wazi. Na ukipata asubuhi ya jua, toka mara moja, usingoje mchana. Wewe ni mkulima, mvua haikutishi, na nadhani utaifaidi safari yako kuliko wengi wanaokuja na picha ya Januari kichwani.

Najua wako wanachama watakaonipinga, na nawaheshimu. Wa kwanza watasema: masika ndiyo wakati wetu wa kazi, na mgeni ni kizuizi. Ni kweli kuwa mtu hawezi kupanda miche na kumtembeza mgeni kwa wakati mmoja. Lakini sisemi kila shamba lifunguliwe. Nasema yawe mashamba machache, ya wale wanaotaka wenyewe, yaliyo karibu na barabara na yasiyo na mteremko wa kutelezesha watu.

Wa pili watasema: mgeni akiona tope na mvua atakwenda kutuharibia jina. Hao nawajibu kwa khabari ya wale wawili wa bandani kwangu. Kilichowakasirisha ni kuambiwa kuwa hapana mvua. Jina la mahali haliharibiwi na hali ya hewa. Huharibiwa na watu wake.

Wa tatu, na hawa ndio ninaowasikitikia zaidi, watasema: sisi tumeona wageni wakipita katika mashamba yetu miaka mingi, wakapiga picha, wakanusa mdalasini, wakaondoka, na fedha zikabaki kwa waliowaleta. Malalamiko haya yana haki ndani yake. Lakini dawa yake si kufunga njia. Dawa yake ni kupatana. Na wakati wa kupatana ni masika, ambapo wageni ni wachache na mwenye gari anakuhitaji wewe, kuliko Agosti ambapo ana magari kumi yanayongoja.

Kwa hivyo naleta mbele yenu mambo manne, yajadiliwe katika mkutano wetu.

Kwanza, Chama kiandike ukurasa mmoja wa maneno ya kweli juu ya masika: mvua ni kiasi gani, nini kinaonekana mashambani na nini hakionekani, na mgeni avae nini. Ukurasa huo upewe kila mwenye kuleta wageni, na asiyetaka kuusoma mbele ya wageni wake asipokewe mashambani kwetu.

Pili, kila shamba litakalopokea wageni liwe na fungu lake linalojulikana kabla mgeni hajashuka garini, wala lisiwe ni bakhshishi ya kutupiwa mkononi wakati wa kuondoka.

Tatu, kabla ya kumkaribisha mtu, mwenye shamba atengeneze njia isiyotuama maji, banda lisilovuja na choo safi. Asiyeweza angoje mwaka mwengine, si aibu.

Nne, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Wahenga wamesema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa masika apewe jembe. Apande mche mmoja wa mkarafuu, alipie mche huo na utunzaji wake, jina lake liandikwe katika daftari la shamba. Lakini tahadhari, ndugu zangu. Mche upandwe pale ambapo mkarafuu mzee umekufa na mpya unahitajika kweli, wala usipandwe kando ya barabara kwa ajili ya picha. Na ole wake atakayeung'oa mche wa mgeni wa Jumatatu ili mgeni wa Alkhamisi apande katika shimo lile lile. Atakayefanya hivyo ajue anamwibia mgeni, na anaiibia ardhi yake mwenyewe miaka minane ya mavuno.

Mikarafuu yetu mingi imezeeka, na kila masika twasema tutapanda mengine, kisha mkono mmoja hautoshi. Ikiwa mgeni yu tayari kuongeza mkono wake na shilingi zake katika kazi ambayo lazima tuifanye, sioni sababu ya kumwambia angoje jua.

Wanachama wa kila tawi walizungumze jambo hili, na wapeleke maoni yao kwa Katibu kabla ya Machi kuingia. Mawingu hayatatungojea.